Bunduki ya Odera

Katika nyumba ya Frida Gidion, kijijini Nyambureti, kulikuwa na bunduki ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuiita bunduki. Waliiita mgeni. Mara moja kwa mwaka, mtama ukishaingia ghalani, Frida alifunga mlango, akasimama juu ya kiti na kuishusha kutoka darini. Alikunjua ngozi ya ng'ombe, chini yake gunia, chini ya gunia kanga kuukuu, mpaka ikalala mapajani mwake, nzito na ya baridi, mbao zake zikiwa na rangi ya chai ya rangi, kitako chake kikiwa na bamba la shaba. Ubavuni palichorwa taji dogo, na chini ya taji mwaka: 1907. Aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo, akaifuta kwa kitambaa mpaka chuma kikaanza kuonyesha sura yake. Kisha aliifunga upya, akairudisha, akaenda kuteka maji.

Alifundishwa hivyo na baba yake, Gidion. Gidion alifundishwa na baba yake, Nashoni. Na Nashoni alifundishwa na mwenye bunduki.

Mwenye bunduki aliitwa Odera. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza alikuwa askari wa Waingereza, Mjaluo wa Karungu, kando ya ziwa, upande ambao leo ni Kenya. Nashoni alimkuta korongoni akiwa amepigwa risasi mguuni, amejifunika majani, bunduki kifuani. Wajerumani walikuwa na boma lao Ikoma, si mbali na pale, na kila mtu alijua malipo ya kumficha adui. Hata hivyo watu wa nyumba ya Nashoni walimbeba, wakamlaza kwenye banda la mbuzi, wakamwosha kidonda kwa maji ya mizizi kwa miezi mitatu. Vidole viwili vya mguu vilikatika, mguu ukapona.

Alipoweza kutembea, alivaa ngozi kama mchungaji, akaiacha bunduki, maana mtu mmoja mwenye bunduki ya Kiingereza asingevuka nchi ile akiwa hai. Alimwambia Nashoni kwamba haikuwa zawadi wala malipo. Ilikuwa amana, naye angeirudia. Alimwonyesha jinsi ya kuipaka mafuta, akaondoka na hakuonekana tena.

Nashoni alisubiri mpaka akafa. Sheria ya nyumba ikabaki ile ile: haiuzwi, haiazimwi, haitolewi kwa mtu asiyetoka kwa Odera. Majangili wa hifadhi ya Serengeti walituma watu mara mbili wakiwa na maneno matamu, wakarudi na maneno yao.

Kijiji kizima kilijua kwamba nyumba ile ina kitu darini, ila hakuna aliyekitaja mbele ya serikali. Na kwa muda mrefu kukijua kulitosha. Mpaka mwaka wa themanini na nne.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitano nyuma, na silaha nyingi zilizobaki huko zilikuwa zimeota miguu. Wezi wa ng'ombe waliozoea kuja na pinde na mikuki sasa walikuja na bunduki za SMG. Siku hiyo walifika saa kumi jioni, mifugo ikirudi kutoka mtoni, wakaingia kwanza kwenye boma la jirani, mzee Simioni. Mwanawe Tomaso, mwenye miaka kumi na tisa, alitoka na upinde. Alipigwa risasi moja tu, mbele ya mama yake.

Mama yake, Gati, alikimbia moja kwa moja hadi mlangoni kwa Gidion. Alinyoosha kidole juu, darini.

Gidion aliishusha. Frida, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili, alimwona baba yake akiikunjua ile ngozi kwa haraka, akatoka, akatembea hadi kwenye njia ya ng'ombe, akasimama katikati na kuielekeza kwa wale watu. Walikuwa watano. Aliyetangulia alisimama ghafla. Wakaangaliana, Gidion na wao, muda ambao Frida baadaye hakuweza kuupima. Gati akapiga kelele mara moja: "Piga."

Gidion hakupiga. Wezi walirudi nyuma kidogo kidogo, wakazunguka nyuma ya boma wakiwa na ng'ombe wote wa Simioni, wakapotelea vichakani. Maboma mengine hawakuyagusa.

Tomaso alizikwa kesho yake. Tangu siku hiyo watu wa Simioni hawakukanyaga tena kwa Gidion, na vilabuni wakampa jina: Mwenye Fimbo, kwa sababu, walisema, bunduki mikononi mwake ni sawa na fimbo ya kuchungia. Gidion alilisikia jina lile na hakulijibu. Aliacha kwenda mahali penye watu wengi. Frida naye alimwonea baba yake haya, na alipoolewa Kenyamonta alifurahi kwenda mahali ambapo hakuna aliyemjua kama binti wa Mwenye Fimbo.

Alirudi mwaka 1999 kumuuguza. Gidion alikuwa amebaki mifupa. Asubuhi moja alimwomba amshushie mgeni, akamwambia aweke kidole ndani, pale juu ya kifyatulio, mahali palipokuwa na mfereji wazi. Kidole kilipita bila kugusa kitu.

"Hapo ndipo inapokaa roho yake," Gidion alimwambia. "Chuma chenye mkono, kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele. Ndicho kinachopiga. Odera aliondoka nacho. Hii haijawahi kuweza kupiga hata njiwa tangu ilipoingia nyumba hii."

Frida alibaki ameshika kile kitu bila kujua pa kukiweka. Aliiona upya ile njia ya ng'ombe, wale watu watano, na baba yake katikati akiwaelekezea kipande cha ubao na bomba. Alimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikubali miaka kumi na mitano ya kuitwa vile.

Gidion alimjibu kwa swali. Tangu siku ile, wezi walikuwa wamekuja Nyambureti mara ngapi? Hawakuja hata mara moja. Walikuwa wameiona bunduki kwa macho yao. Kama angejitetea kwa neno moja tu, neno lingefika kwao kabla ya wiki kwisha, na wangerudi kila mwezi. Akamwapisha kwamba naye asiseme kwa yeyote, mpaka mwenyewe au watu wake waje kuichukua. Frida aliapa. Kaka zake hawakuambiwa kitu, kwa sababu Gidion aliwajua: mmoja angetafuta fundi wa magobore wa kuichongea roho nyingine. Wiki mbili baadaye alimzika baba yake mbele ya waombolezaji wachache sana.

Frida alipofiwa na mume mwaka huo huo alirudi Nyambureti moja kwa moja, akajenga kwenye kiwanja cha baba yake, akailinda amana kwa miaka ishirini na minne. Mzee Simioni alikuwa ameshafariki. Gati bado alikuwepo, bibi wa miaka themanini na zaidi, ng'ambo ya shamba la mihogo. Wawili hao walisalimiana kanisani kwa sababu mchungaji alikuwa akiangalia, na si zaidi.

Ndipo lilipokuja tangazo. Lilisomwa mnadani Kenyamonta kwa kipaza sauti, likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji: kuanzia mwanzo wa Septemba hadi mwisho wa Oktoba, kila mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kituoni kwa hiari, naye hataulizwa wala kushtakiwa. Baada ya hapo sheria itafuata mkondo wake. Frida alilisoma mara tatu. Hakuogopa jela sana. Aliogopa kitu kingine: alikuwa na miaka sitini na moja, vijana wake walikuwa Mwanza na Arusha kwenye kazi zao, na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Aliona kwamba amana ile ingeishia kwake, kwa njia moja au nyingine. Ila kuikabidhi kwa serikali kabla ya kumtafuta mwenyewe ilikuwa ni kuvunja kile ambacho watu watatu walikitunza.

Akaamua kwenda Karungu.

Hakubeba bunduki, bila shaka. Alibeba namba yake tu, aliyoinakili kwenye karatasi ya daftari kutoka kwenye chuma: F 4471. Alipanda basi la Mugumu hadi Tarime akipita vifusi vya mgodi karibu na Nyakunguru, akavuka mpaka pale Sirari, akalala Migori, na Ijumaa mchana akafika Karungu, ambako upepo wa ziwa ulinukia dagaa waliokuwa wakianikwa. Hakumjua mtu. Aliuliza sokoni, wakamwambia akina Odera ni wengi kama dagaa wenyewe. Mwanamke mmoja muuza mboga, alipomsikia ni Msabato mwenzake, alimpa mahali pa kulala na kumshauri asubiri kesho, kanisani.

Siku ya Sabato, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alimpa Frida nafasi. Alisimama mbele ya watu asiowajua na kueleza kwa Kiswahili chake cha bara kwamba anatoka Serengeti, Tanzania. Anatafuta ukoo wa askari aliyeitwa Odera, aliyepigana vita vya Mjerumani, aliyekatika vidole viwili vya mguu wa kushoto. Hana deni naye wala hamdai. Ana kitu chake.

Mtu alikuwa akitafsiri kwa Kijaluo, na tafsiri ilipofika kwenye vidole viwili, mzee mmoja mrefu, aliyeketi benchi la pili, alishika benchi la mbele na kuanza kusimama. Ilimchukua muda. Aliposimama wima alimwangalia Frida kana kwamba alikuwa akimsoma.

"Wewe ni mtu wa Nashoni?" aliuliza.

Jina la babu yake halikuwahi kutoka nje ya Nyambureti, na Frida hakuwa amelitaja. Aliitikia kwa kichwa tu.

Mzee yule aliitwa Joel, mjukuu wa Odera, fundi wa mashua aliyestaafu, mwenye miaka sabini na minne. Ibada ilipokwisha alimchukua nyumbani kwake. Wakafika, akamkalisha, akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya watoto ambalo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kipande cha chuma kirefu kama kiganja na nusu, cha mviringo, chenye mkono mfupi uliopinda na kuishia kwa kirungu. Kiling'aa. Kilinuka samaki.

"Sisi tunapaka mafuta ya samaki, kamongo," Joel alisema. "Kila mwaka, mvua ya kwanza. Baba yangu alisema tupake, na mimi napaka. Hatukujua ni ya kufanya nini, lakini tulijua mwenzake iko Ikoma, kwa watu ya Nashoni."

Frida alitoa karatasi yake. Joel alikigeuza kile chuma penye nuru ya dirisha, akasogeza miwani. Nyuma ya ule mkono, kwa herufi ndogo ambazo wote wawili walilazimika kuinama kuziona, paliandikwa: F 4471.

Mke wa Joel, aliyekuwa akileta uji, alisimama mlangoni na sinia mikononi na hakuingia. Baadaye Frida alisema kwamba katika maisha yake amewahi kuona mvua ya mawe ikiua mbuzi, amewahi kuona nyumbu wakivuka mto siku nzima bila kwisha, lakini hajawahi kujiona mdogo kama alivyojiona mbele ya tarakimu zile nne. Miaka mia moja na nane. Mpaka ulikuwa katikati yao, serikali tatu zilikuwa zimepita, na katika nyumba mbili zisizojuana watu walikuwa wakipaka mafuta.

Kisha Joel akamweleza kwa nini babu yake hakurudi. Odera alipofika kikosini bila bunduki, aliulizwa iko wapi. Angesema ukweli, wangetumwa askari kuifuata, na Wajerumani wangejua ni nyumba gani iliyomficha. Akasema ameitupa mto Mara. Akachapwa viboko ishirini na vitano mbele ya wenzake kwa kupoteza mali ya mfalme, akaondolewa jeshini kwa fedheha, hata haki ya kuitwa askari mstaafu hakuipata. Vita vilipokwisha, kuirudia bunduki kungethibitisha kwamba alidanganya, na yaliyompata yeye yangewapata waliomhifadhi. Kile kipande, alichokitia kwenye mfuko wa ngozi siku ile ya kuondoka, hakukionyesha kwa mtu mpaka alipokuwa akifa, mwaka 1931. Alimwambia mwanawe: nimeacha bunduki yangu kwa watu waaminifu, wakija wapeni hiki. Na wasipokuja, msikitupe.

"Alizungumza hivyo, wakati watu hapa wanamcheka ametupa bunduki kama mwoga," Joel alisema.

Frida aliposikia neno lile alimweleza habari za baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema tangu alipoapa. Alimweleza yote, njia ya ng'ombe, Tomaso, Mwenye Fimbo, na lile tangazo la serikali. Joel alisikiliza akiwa ameshika kile chuma kwa mikono miwili. Frida alipomaliza, yule mzee aliuliza tarehe ya mwisho ya tangazo, kisha akamwambia mkewe amtolee koti lake la safari.

Walivuka Sirari Jumanne. Frida hakujua kwamba kile chuma kilikuwa kwenye begi la Joel mpaka walipokuwa Tarime, na jambo lilikuwa limeshafanyika. Maofisa walikuwa wameuliza kitambulisho na kadi ya chanjo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nyambureti, Frida alimshusha mgeni mbele ya mtu wa kwanza aliyekuwa na haki naye. Joel aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaipakata. Akapitisha kidole kwenye kila mkwaruzo wa ubao kama mtu anayesoma barua, akafika penye alama ya meno kwenye kitako. Akauliza. Frida akamjibu kwamba inasemekana Odera aliuma pale siku waliyomchomoa risasi. Joel akaweka kidole gumba kwenye ile alama na kukiacha hapo. Hakuunganisha vile vitu viwili. Alisema hilo lifanyike mbele ya serikali, ili lisije likaitwa jina lingine.

Alhamisi walikwenda kituoni Mugumu. Juu ya meza ndefu kulikuwa na magobore sita, bastola moja iliyooza, na risasi ndani ya kikombe cha bati. Mpokeaji alikuwa sajini wa ghala la silaha aliyeitwa Sylvester, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwaamkia shikamoo, akafungua daftari, akamwambia mama afungue mzigo wake.

Ngozi ilipofunguka, Sylvester aliacha kalamu. Alivaa miwani. Aliangalia ndani ya mtutu kutokea nyuma, akauelekeza dirishani, akaangalia tena. Aliwaita wenzake wawili, nao wakaangalia mmoja baada ya mwingine. Alieleza kwamba silaha anazopokea zikiwa na umri wa miaka thelathini huwa zimeliwa na kutu mpaka hazitambuliki. Hii, michirizi ya ndani ya mtutu ilikuwa safi kama imetoka kiwandani jana. Aliuliza ni fundi gani aliyekuwa akiitunza.

"Kondoo," Frida alisema. "Mkia wake."

Sylvester alitabasamu kidogo, kisha akaona pengo. Akasema kwa masikitiko kwamba komeo lake halipo, na makomeo haya hutengenezwa kwa ajili ya bunduki moja tu, la nyingine haliwezi kukaa vizuri. Lililopotea limepotea.

Joel akafungua begi, akaweka kile kitambaa mezani.

Sajini alisoma namba kwenye komeo. Akasoma namba kwenye bunduki. Akarudi kwenye komeo. Halafu alivua kofia yake, akaiweka pembeni, na kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia akaliingiza komeo kwenye mfereji wake, akalisukuma. Lilikwenda bila kukwaruza, bila kusita, na mwisho wake likageuka na kutulia kwa mlio mdogo mkavu ambao kila aliyekuwa chumbani aliusikia. Harufu ya kondoo na harufu ya samaki zilipanda pamoja. Askari mmoja kijana alisema "Ee Mungu" polepole, kama anayeanza sala.

Mkuu wa kituo alikuja kuona kulikoni. Aliposikia habari yote alimgeukia Joel, akamuuliza kile kipande kilipitaje mpakani. Joel akajibu ukweli, kwamba kilipita kwenye begi, chini ya Biblia na shati. Mkuu wa kituo alikuna kidevu. Alisema tangazo linasema kila mwenye silaha ailete na hataulizwa, na tangazo halikutaja mtu wa nchi gani, kwa hiyo yeye naye ataacha kuuliza. Ila asirudie. Joel akaahidi, akisema hana bunduki nyingine ya babu.

Kabla ya kuandikwa, Joel aliomba jambo moja: komeo litolewe. Sajini alilitoa, na daftarini viliandikwa vitu viwili tofauti, kimoja kwa jina la Frida wa Nyambureti, kingine kwa jina la Joel wa Karungu. Sylvester aliwaambia kwamba magobore yatakatwakatwa, lakini hii ataiandikia barua yeye mwenyewe kwenda juu, ihifadhiwe. Hakuweza kuahidi zaidi ya hapo. Frida aliona kwamba anasema kweli. Kwenye mlango alingoja kuhisi uzito ukimtoka mabegani, kama alivyotegemea njia nzima, lakini uzito haukutoka. Kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki.

Walishuka kwenye pikipiki karibu na shamba la mihogo, wakalivuka kwa miguu. Gati alikuwa nje, juu ya mkeka, akichambua ulezi kwenye ungo. Frida alimwamkia, akamtambulisha mgeni kuwa ni mjukuu wa mwenye bunduki, akaomba kuketi. Gati hakumkaribisha wala hakumfukuza. Frida akaketi chini, kwenye udongo, na kwa sababu hakujua njia nyingine ya kulisema alilisema lilivyo: bunduki ile haikuwa na roho, kile chuma kinachopiga. Haijawahi kuwa nayo. Roho yake ilikuwa Kenya, kwa mzee huyu, na leo asubuhi polisi wameiona ikiingia mahali pake kwa mara ya kwanza tangu vita vya Mjerumani.

Mikono ya Gati iliacha kusogea ndani ya ungo. Aligeuka kwa Joel, na Joel akasema ni kweli, mama.

"Kwa hiyo nilimwambia apige," Gati alisema taratibu, "na hakuwa na cha kupigia."

Kuku walikuja kudonoa ulezi pembezoni mwa mkeka na hakuwafukuza. Halafu akaanza kuzungumza bila kumwangalia mtu, na alichokisema Frida hakuwa amewahi kukisikia, kwa sababu siku ile yeye alikuwa mlangoni, nyuma. Gati alisema alikuwa amemfuata Gidion mpaka njiani. Mmoja wa wale watu aliinua bunduki yake kumwelekea yeye, Gati, kwa sababu alikuwa amepiga kelele. Na Gidion alisogea. Hatua mbili, kushoto, mpaka mgongo wake ukamziba. Aliuona mgongo ule, shati limelowa jasho lote, na miguu yake ilikuwa ikitetemeka. Kwa miaka thelathini na tisa aliikumbuka ile miguu na kumwambia kila mtu: mwoga, na bunduki mkononi, anatetemeka. Zile hatua mbili hakumwambia mtu, maana hazikuwa zikiingia popote katika habari aliyokuwa akiisimulia.

"Nilizijua," alisema. "Nilizificha."

Frida naye alikuwa amemwonea baba yake haya kwa miaka kumi na mitano. Alimshika yule bibi mkono, na mkono haukutolewa. Joel aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake vyenye vumbi la nchi mbili.

Baada ya hapo Gati aliita watu wa nyumba yake walete maziwa na kiti kwa ajili ya mgeni, na mwenzake asiyekuwa mgeni. Walikunywa. Kisha, kama mtu aliyefungua mlango uliokuwa umekwama na kukuta chumba kizima kiko vile vile, Gati akaanza kumsimulia Joel habari za Tomaso: jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akichunga, jinsi alivyopenda ugali wa mtama uliolala, jinsi alivyomchumbia msichana wa Nata kwa kumtumia tausi wa kuchonga kwa mti ambaye kila aliyemwona alidhani ni bata. Alicheka alipofika kwa bata. Frida, aliyekuwa jirani yake miaka mingi, hakuwa amemsikia Gati akilitaja jina lile tangu mazishi. Alisogea karibu zaidi, akasikiliza.